Kuimba na marehemu: Ruhusa hutolewa na nani?

MWAKA wa 1991, mwimbaji wa Marekani Natalie Cole alitoa kibao alichopokezana na babake, Nat King Cole. Ajabu ni kwamba mzee huyo alikuwa ameaga dunia mnamo 1965, bintiye akiwa na umri wa miaka 15. Mafundi waliichukua sauti ya marehemu kutoka kwa kanda ya zamani, wakaipangia nafasi ili Natalie aitikie. Kibao hicho, ‘Unforgettable’, kilizoa tuzo za Grammy mwaka uliofuata.

Mnamo 1999, Kenny G alitia saksafoni yake juu ya ‘What a Wonderful World’, wimbo ambao Louis Armstrong aliurekodi 1967, miaka minne kabla ya kufariki. Safari hii mpiga gitaa Pat Metheny alighadhabika, akamshutumu hadharani kwa kuivunjia heshima kazi ya marehemu.

Mbinu ni ile ile. Je, tofauti i wapi?

Kisheria, wanaotafutwa ni mwenye rekodi, ambaye mara nyingi ni kampuni, na mwenye haki za utunzi. Hapa Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 huilinda kazi ya mtunzi kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Lakini Cole na Armstrong hawakuzitunga nyimbo hizo. Chao kilikuwa sauti na namna ya kuimba. Isitoshe, hati ya kampuni hujibu swali la mali, si la hiari. Mwimbaji aliye hai akichukizwa na mwenzake huweza kuukataa ubeti, hata akatoka studioni. Marehemu hana mlango wa kutokea.

Nakiri kwamba wimbo wa akina Cole hunipendeza. Humo binti ndiye anayeufuata mwendo wa babake, wala hamtii maneno kinywani.

Akili unde imeupindua utaratibu huo. Mwaka wa 2024, Drake alitoa wimbo wenye sauti iliyoigizwa kwa mashine ya Tupac Shakur, aliyeuawa 1996, ikitamka maneno ambayo Tupac hakuyasema kamwe, tena ya kumchokoza msanii mwingine, Kendrick Lamar. Wasimamizi wa mirathi yake walitishia kwenda mahakamani. Drake akauondoa.