Nafuu ya Kodi na Haki ya Mnyonge

Serikali bila ya kodi haisimami. Barabara, skuli, taa za njiani na usafi wa mji havishuki kutoka mbinguni. Hupatikana kwa fedha za wananchi wenyewe. Juu ya hilo hapana mwenye insafu anayebisha. Yanayobishaniwa tangu zama za kale hadi leo ni mambo mawili: nani atozwe kiasi gani, na asiye na uwezo atendewe nini. Leo twapenda kulitazama jambo hilo kwa mfano wa Uingereza, nchi iliyowahi kututawala na ambayo alama zake zingali katika mabaraza na halmashauri zetu.

Mwaka 1990 serikali ya Bibi Margaret Thatcher ilianzisha katika England na Wales kodi ya kichwa, ambayo watu wa Scotland walikwisha kutwishwa mwaka mmoja kabla. Katika eneo moja, mwenye kasri na mwenye chumba kimoja walitakiwa kiasi kile kile. Fakiri alipunguziwa, lakini hakusamehewa zaidi ya asilimia 80. Sehemu iliyobaki sharti aitoe, awe nayo asiwe nayo. Wananchi waliikataa. Tarehe 31 Machi, 1990, maandamano ya London yaligeuka ghasia, na kabla ya mwaka kwisha Bibi Thatcher alikuwa ameondoka madarakani, kodi hiyo ikiwa miongoni mwa sababu.

Mwaka 1993 ikaletwa kodi ya halmashauri, inayotozwa kwa kila nyumba. Katika England nyumba zilipangwa kwa madaraja manane kwa bei zilizokuwa sokoni tarehe 1 Aprili, 1991. Daraja la chini ni la nyumba isiyozidi pauni 40,000. La juu ni la nyumba inayozidi pauni 320,000. Msomaji na apige hesabu: nyumba ya juu ina thamani ya zaidi ya mara nane ya ile ya chini, lakini kodi yake ni mara tatu tu. Ni dhahiri kuwa mizani hiyo inamlalia mnyonge. Kilichoiweka sawa ni nafuu ya kodi: mwenye kipato duni kabisa aliweza kusamehewa kodi yote, na Serikali Kuu ikairudishia halmashauri fedha zilizosamehewa. Kabla ya nafuu hiyo kufutwa, jamaa milioni 5.9 walikuwa wakiipata.

Tarehe 1 Aprili, 2013, utaratibu huo ulikoma. Serikali Kuu iliifuta nafuu ya taifa, ikaziambia halmashauri za England, 326 kwa idadi, kila moja itunge mpango wake. Jambo hilo lilielezwa kuwa ni kuwapa wenyeji madaraka. Lakini fedha zilizoandamana na madaraka hayo zilipunguzwa kwa asilimia 10, tena zikawa fungu maalumu lisilopanda hata kama kiwanda cha mji kitafungwa na watu elfu kukosa kazi. Wakati huo huo halmashauri ziliamriwa zisiwaguse wazee waliofikia umri wa pensheni. Kuwakinga wazee ni jambo la heri. Lakini ikiwa katika mji fulani nusu ya nafuu yote inakwenda kwa wazee, basi upungufu wa asilimia 10 huwaangukia waliobaki kwa asilimia 20. Na waliobaki ni nani? Ni mfanyakazi wa ujira mdogo, mgonjwa, mlemavu na mama anayelea watoto peke yake.

Serikali ilitenga pauni milioni 100 kwa halmashauri zitakazokubali kutowatoza mafakiri zaidi ya asilimia 8.5 ya kodi yao. Msaada huo ulikuwa wa mwaka mmoja. Mwaka ulipokwisha, halmashauri nyingi ziliongeza kiwango. Scotland na Wales zilishika njia nyingine: serikali zao zilitafuta fedha za kuziba pengo, na wanyonge wao hawakupunguziwa nafuu.

Je, halmashauri zilizotoza zilipata zilichokitaka? Mwaka 2019 taasisi ya uchunguzi wa fedha za umma iitwayo Institute for Fiscal Studies ilionyesha kuwa kiasi cha robo ya kodi ya ziada waliyotakiwa wanyonge haikukusanywa. Aliyeshindwa kulipa fungu la mwezi alidaiwa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo; akaitwa mbele ya mahakimu, akaongezewa gharama za shauri, kisha akabishiwa hodi na madalali wa mahakama. Deni dogo likawa deni kubwa, na hazina isipate kitu. Sheria iliruhusu hata kifungo cha hadi miezi mitatu kwa aliyekataa kwa makusudi au kwa uzembe; Wales iliifuta adhabu hiyo mwaka 2019.

Liko jambo jingine ambalo watendaji wetu yafaa walizingatie. Halmashauri ya Haringey, mjini London, iliwataka wananchi shauri kabla ya kupitisha mpango wake, lakini iliwaandikia kana kwamba njia ilikuwa moja tu, kupunguza nafuu. Haikuwaambia kuwa ziliwezekana njia nyingine: kuongeza kodi kwa wote, kupunguza matumizi mengine, au kutumia akiba. Mwezi Oktoba, 2014, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilitamka kuwa mashauriano ya namna hiyo si halali. Hata hivyo haikuamuru yafanywe upya, kwa kuwa miaka ilikwisha pita. Haki ilitamkwa, fedha za mnyonge hazikurudi.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayekaa ofisini akipanga viwango huuona mzigo wa mwingine mwepesi. Sisi wa nchi hii tumeyaonja: kodi ya kichwa tuliletewa na wakoloni, na kule Bara mabaki yake, kwa jina la kodi ya maendeleo, yalidumu hadi yalipofutwa mwaka 2003. Hatuna haja ya kufundishwa tena yale yale.

Kwa hiyo twatoa nasaha tatu. Kwanza, Serikali Kuu inapokabidhi kazi kwa halmashauri ikabidhi na fedha zake. Kugatua madaraka bila ya fedha ni kugatua lawama. Pili, kabla ya kumwongezea kodi asiye na kitu, ipigwe hesabu ya gharama za kumfuata, kwani kodi isiyolipika si mapato. Tatu, wananchi wanapoitwa katika shehia kutoa maoni, waelezwe njia zote zilizopo pamoja na faida na hasara ya kila moja, na waelezwe mapema, wakati shauri lao lingali na uwezo wa kugeuza neno.

Kodi ni amana. Mwananchi huitoa kwa moyo anapoona kuwa imepimwa kwa uwezo wake, na kwamba siku atakapoanguka, halmashauri iliyomtoza ndiyo itakayomwinua.