Alikotoroka Mekatilili, Waendako Binti Zetu Kusoma

Kila mwaka, majina ya waliopangiwa vyuo yakitoka, hutufikia kilio kile kile. Mama amefurahi kwamba bintiye amefaulu, kisha asomapo jina la chuo furaha hukatika. Kisii? Ni wapi huko, na mwanangu atakaa na nani? Wako wazazi ambao hawakuishia kuuliza. Barua ilitiwa kabatini, na mwana akakaa nyumbani mwaka mzima akingoja nafasi ya Mombasa au Kilifi. Baadhi yao wanangoja hadi leo.

Hatuwalaumu. Kutoka Mombasa hadi mji wa Kisii ni karibu kilomita 800. Mji wenyewe umekaa juu vilimani, mvua hainyeshi kwa msimu bali karibu mwaka mzima, na mtoto aliyezoea joto la kwetu atahitaji sweta mbili na blanketi zito. Hata hivyo, Kisii si ugenini kwa Pwani kama tunavyodhani.

Mwaka 1913 serikali ya kikoloni ilimkamata Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiryama aliyewakataza watu wake kulipa kodi na kuwatoa vijana wao wakafanye kazi za Wazungu. Ilimtafutia mahali pa mbali ambapo hangeweza kurudi, na mahali hapo palikuwa Kisii. Alipelekwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola. Mwaka 1914 wote wawili walitoroka wakarejea Giryama, na masimulizi ya Pwani yanashikilia kwamba njia hiyo waliikata kwa miguu.

Na huko walikopelekwa kulikuwa na jeraha bichi. Mwezi wa Januari 1908, kijana mmoja wa Kigusii aitwaye Otenyo alimchoma mkuki mkuu wa wilaya, Northcote. Aliyemtia moyo, kwa masimulizi ya Wagusii, alikuwa mwanamke, Moraa, mganga na mtabiri. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Otenyo aliuawa, na nyumba za Wagusii zikachomwa moto. Mekatilili alifika katika nchi hiyo baada ya miaka isiyotimia sita. Je, alilisikia jina la Moraa? Ni nani waliompa maji na chakula alipotoroka, naye hakuwa mzaliwa wa huko? Hatujakutana na kitabu kinachojibu maswali hayo kwa ukamilifu, na majibu yake nusu yako Pwani, nusu yako Kisii na Nyamira.

Maswali ya namna hii ndiyo kazi ya taaluma za Kiafrika. Jina ni kubwa, lakini ndani yake mna historia, lugha, fasihi, mila, dini na maisha ya jamii zetu. Kwa muda mrefu walioifanya kazi hiyo wametoka mbali. Kitabu kinachotajwa sana kuhusu upinzani wa Wagiryama kiliandikwa na Mmarekani, Cynthia Brantley, kikatolewa mwaka 1981. Historia ya Wagusii kabla ya ukoloni iliandikwa na Mkenya, William Ochieng', mwaka 1974, nasi tunalitaja hilo kwa fahari.

Kisa cha Nyamira kitawagusa akina mama zaidi. Katika miaka ya 1950, Robert na Barbara LeVine, watafiti wa Kimarekani, walikaa Nyansongo wakitazama jinsi Wagusii wanavyolea watoto, na kitabu chao kikatoka mwaka 1966. LeVine alirudi tena baadaye na wenzake, wakawalinganisha akina mama wa Kigusii na akina mama wa Boston. Waliona kwamba mama wa Kigusii humkimbilia haraka mtoto anayelia, akambeba na kumtuliza, wala hamzungumzishi sana. Yule wa Boston humsemesha na kumchangamsha tangu siku za mwanzo. Watafiti hao hawakusema huyu ni mama bora kuliko yule. Walisema kila mmoja anamwandaa mwanawe kwa maisha anayoyajua. Tuliposoma hayo tuliwakumbuka bibi zetu na mbeleko za kanga, tukajiuliza ni nani aliyewahi kuwakalia chini na daftari.

Sasa tuje kwenye chuo. Chuo Kikuu cha Kisii kilianza mwaka 1965 kama chuo cha walimu wa shule za msingi. Mwaka 1994 kikawa tawi la Egerton, 2007 kikawa chuo kishiriki, na mwezi wa Februari 2013 kikapewa hati ya kujitegemea. Mwanafunzi wa ualimu, Kiswahili, historia au elimu ya jamii tayari yuko ndani ya taaluma hizi, hata kama cheti chake hakitakuwa na jina hilo. Lugha ya wenyeji nayo haitamtisha muda mrefu: mtu ni omonto, watu ni abanto, nyumba ni enyomba, maji ni amache. Ni binamu ya Kiswahili. Mji una msikiti na Waislamu wa miaka mingi, Wanubi wakiwamo, na mzazi anaweza kuanzia hapo kuulizia nyumba ya kupanga kabla ya muhula kufunguliwa.

Yako mambo ambayo binti aliyeko huko ayatazame mapema. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Vyuo vingi huiadhimisha kwa makongamano na mashindano, na mtoto wa Pwani hapaswi kukaa viti vya nyuma siku hiyo. Chama cha taaluma za Kiafrika cha bara letu, kilichoanzishwa 2013, hukutana kila baada ya miaka miwili, na mwaka 2019 kilikutana Nairobi. Mlango wa mikutano kama hiyo ni ikisari, yaani ukurasa mmoja wa kueleza utafiti wako, na hutakiwa miezi mingi kabla. Taasisi ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyoko Nairobi, hutoa misaada midogo ya utafiti. Kwa aliyehitimu kuna mpango wa Fulbright unaowapeleka walimu vijana Marekani kufundisha Kiswahili vyuoni kwa mwaka mmoja wa masomo, na ufadhili wa Jumuiya ya Madola kwa shahada za juu. Pasipoti ishughulikiwe mapema, na jina liwe lile lile lililo kwenye cheti cha kuzaliwa na cha sekondari. Tumeshuhudia safari zikikwama kwa sababu ya herufi moja ya jina.

Ada nayo ina njia zake. Bodi ya HELB hukopesha, lakini ina tarehe zake za mwisho. Mzazi asiyeridhika kabisa na Kisii aombe uhamisho kupitia KUCCPS dirisha likiwa wazi, badala ya kuificha barua. Atakayeingia katika utafiti rasmi atahitaji kibali cha NACOSTI, na msimamizi wake humwongoza.

Hata hivyo, mwanzo wa utafiti hauhitaji barua ya chuo wala kibali. Simu ina kinasa sauti. Likizo hii, binti akae na bibi yake jioni moja, amuombe ridhaa ya kurekodi, amuulize alilelewaje, waliimbiwa nini wakilia, walimsikia nani akitajwa kuwa alitembea kutoka bara hadi Giryama. Aandike tarehe, mahali na jina la msimuliaji, kisha daftari hilo alifunge vizuri kwenye sanduku la safari, pamoja na sweta zake mbili.