Hiari ya Kukata Bima ya Afya: Gharama Yake Inalipwa na Nani?



Kamati za parokia, kuanzia Kishapu hadi Katoro, zimekuwa zikituuliza swali moja: kwa nini serikali imlazimishe mtu kukata bima ya afya, ilhali ugonjwa ni wake na fedha ni zake? Swali ni la haki. Tunapenda kulijibu kwa kuonyesha kwamba hiari hiyo haikuwa ya bure. Kwa zaidi ya miaka ishirini imekuwa na bili, na mara nyingi bili hiyo imelipwa na mtu mwingine.

Kabla ya 1993 matibabu katika vituo vya serikali yalikuwa bila malipo. Ndipo uchangiaji ulipoanza, na wananchi wengi wakazoea kulipa papo kwa papo, yaani fedha mkononi siku ya kuugua. Ili kuwapunguzia mzigo, mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulijaribiwa Igunga, majirani zetu wa upande wa Tabora, na mwaka 2001 ukatungiwa sheria ya kuuendesha nchini. Kujiunga kuliachwa kuwa hiari. Kwa upande mwingine, Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ya 1999 iliwakata watumishi wa umma asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri akaongeza asilimia 3. Hivyo mwalimu na muuguzi hawakuulizwa kama wanapenda. Mkulima wa pamba na mchimbaji mdogo waliulizwa, na wengi wao hawakujiunga. Hadi kufikia 2022, Watanzania wenye bima ya aina yoyote walikuwa takriban asilimia 15 tu.

Tuchukue kijiji cha mfano chenye kaya 500. CHF iliyoboreshwa ya mwaka 2018 ilitoza shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Wakijiunga 50, zinapatikana shilingi 1,500,000. Serikali ikiongeza kiasi kilekile, kwa utaratibu unaoitwa tele kwa tele, zinakuwa 3,000,000. Lakini ni nani wanaojiunga kwa hiari? Ni kaya yenye mama wa kisukari, mzee wa shinikizo la damu, mtoto wa pumu. Tuseme kila kaya inatumia huduma za shilingi 80,000. Jumla ni 4,000,000, na mfuko umepungukiwa milioni moja ingawa serikali imekwisha kuweka fedha zake. Sasa tuseme wamejiunga wote 500, na zile 450 zenye afya njema zinatumia 10,000 kila moja. Matumizi ni 8,500,000 na michango ni 15,000,000. Kijiji ni kilekile na magonjwa ni yaleyale.

Jambo hili si la vitabuni tu. Kadi ya watoto ya NHIF, Toto Afya Kadi, ilianzishwa 2016 kwa shilingi 50,400 kwa mtoto. Wazazi wengi walisubiri mtoto augue ndipo wakakate kadi. Matumizi yakazidi michango mara nyingi, na mwaka 2023 NHIF ikasitisha uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ikataka waandikishwe kupitia shule. Wazazi walilalamika sana, hasa wenye watoto wagonjwa, nasi tunawaelewa.

Hao waliobaki nje ya bima nao huugua. Duara likititia usiku pale Mgusu au Nyarugusu, majeruhi hupelekwa hospitali, na hakuna daktari atakayemwacha afe kwa kukosa kadi. Anatibiwa, anaondoka akiwa na deni, na mara nyingi haonekani tena kwa sababu amehamia machimbo mengine. Deni hilo linaihusu sana hospitali ya shirika la dini, ambayo haina mfuko mwingine wa kulifidia. Linakuwa dawa zisizoagizwa na mshahara unaochelewa. Mgonjwa wa wiki ijayo ndiye anayelilipa, na wakati mwingine ni mhisani.

Hata hivyo hatusemi kwamba mchimbaji ni mzembe. Kwa miaka mingi kadi ya CHF ilitumika katika kituo kilichomwandikisha mtu, au ndani ya wilaya yake tu. Mtu anayechimba Kahama leo na Geita mwezi ujao angeinunua ya nini? Aidha, kipato cha machimbo hakina tarehe. Na aliyefika zahanati na kadi yake akaambiwa dawa hakuna, hukata kadi mara moja tu.

Mwaka 2022 muswada wa bima kwa wote ulipoletwa, viwango vilivyotajwa vilikuwa shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita na 84,000 kwa mtu mmoja. Ulikusudia pia kuifunga bima na huduma nyingine, mathalani leseni ya udereva na hati ya kusafiria. Wananchi walipinga, muswada ukarudishwa kufanyiwa kazi, na Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023 bila masharti hayo. Sheria hiyo inamtaka kila mkazi awe na bima. Kwa ajili ya wasio na uwezo imeanzisha mfuko, ambao miongoni mwa vyanzo vyake ni kodi za vinywaji baridi, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha. (Yaani mchimbaji anayeikataa bima anaweza kumchangia jirani yake akiwa baa, bila kujua.)

Kulazimisha nako kuna gharama, na wanaoshabikia sheria hii wasiifiche. Asiyeweza kulipa lazima alipiwe. Rwanda, iliyofanya bima ya jamii kuwa ya lazima, ililiona hilo, na tangu 2011 ikapanga michango kulingana na hali ya kaya, maskini kabisa wakilipiwa. Hapa kwetu sheria ya CHF ya 2001 ilikuwa na kifungu kizuri: kamati ya afya ya kata, kwa mapendekezo ya serikali ya kijiji, ingeweza kutoa msamaha kwa kaya maskini, na aliyetoa msamaha alipaswa kutafuta njia ya kuufidia mfuko. Sehemu hii ya mwisho ilisahauliwa mahali pengi. Msamaha usio na fidia ni deni la zahanati lililopewa jina zuri.

Watu wetu wanaifahamu kanuni hii kupitia vikundi vya kufa na kuzikana. Hakuna kikundi kinachompokea mtu siku ya msiba. Kila kaya huchanga kabla, na mjane asiye na kitu huchangiwa na wenzake kwa majina, hadharani.

Kwa hiyo tunaziomba kamati za parokia zifanye mambo mawili. Kwanza, uhamasishaji wa bima ufanyike miezi ya mauzo ya pamba na mpunga, si Januari wakati wa ada za shule. Pili, katika kikao kijacho cha maendeleo ya kata, wajumbe wetu waulize: kaya ngapi zimeorodheshwa kuwa hazina uwezo, kila moja inalipiwa na nani, na fedha hizo zimefika zahanati lini? Halmashauri zetu hupokea ushuru wa huduma kutoka migodi mikubwa, hivyo si vibaya kuuliza kama sehemu yake inaweza kulipia orodha hiyo.