TANDIKO LA UA WA KUKU PENYE UDONGO MWEUSI

Katika Kitengela na sehemu nyingine za Kajiado watu wengi hufuga kuku nyuma ya nyumba zao. Wakati wa kiangazi ua huwa mkavu na kuku hustawi. Lakini mvua za Machi hadi Mei zinapofika, huenda vifaranga wakaanza kufa. Mara nyingi mwenye kuku hulaumu chakula au mbegu ya kuku, kumbe kisa chenyewe kipo chini ya miguu yao.

Udongo wa nyanda hizo ni mweusi, tena hunata. Wakati wa jua hupasuka nyufa, na mvua ikinyesha huvimba na kuzuia maji yasizame. Katika tope lililochanganyika na kinyesi hukomaa vijidudu vya ugonjwa wa kuhara damu, uitwao koksidiosisi. Penye unyevu na joto huwa tayari kuambukiza baada ya siku moja au mbili. Vifaranga wa majuma 3 hadi 6 ndio wadhurikao zaidi. Dawa ipo, lakini kuku aliyepona akirudishwa topeni huweza kuambukizwa tena. Basi kazi kubwa ya tandiko ni kuondoa unyevu.

Kwanza ua uinuliwe kwa kokoto, uwe na mteremko kidogo, nao uzungukwe na mfereji wa kupeleka maji nje. Juu yake pamwagwe mchanga wa mtoni, unene wa inchi 4 hivi. Mchanga hupitisha maji, na kinyesi huondolewa kwa urahisi kwa reki.

Ndani ya banda, chini ya paa, yafaa maranda ya mbao au makapi ya mpunga, unene wa inchi 3 au 4. Vumbi la msumeno halifai kwa vifaranga, maana hulidonoa na kulivuta puani. Maranda ya mbao zilizotiwa dawa ya mchwa yasitumiwe kamwe, wala majani yenye ukungu.

Ama nyasi, ukoka hustahimili ukame na kukanyagwa. Lakini kuku wengi katika ua mdogo hulimaliza kila jani. Afadhali ua ugawanywe sehemu mbili, moja itumiwe na nyingine ipumzike mpaka nyasi zichipue.

Kila juma mfugaji ashike konzi ya maranda na kuyafinya. Yakibaki donge, ni mabichi, yaondolewe. Yakitawanyika taratibu, ni mazuri. Yakitoa vumbi tupu, yamekauka mno. Harufu ya kuchoma macho nayo ni dalili ya unyevu. Tandiko lililoondolewa lisitupwe: likishaoza vizuri ni mbolea ya sukuma wiki.

Asiyeweza kununua mchanga wote kwa mara moja aanze pale penye vyombo vya maji, maana hapo ndipo tope huanzia.