DC kwenye vituo vya data: kweli au uongo?

"DC ilishindwa na AC zamani, kuirudia ni kurudi nyuma."
Uongo. Ni kweli Edison alianza na DC (umeme unaokwenda upande mmoja tu) ya volti 110 jijini New York mwaka 1882, na AC (umeme unaogeuza mwelekeo kila mara) ikamshinda kwa sababu transfoma hupandisha na kushusha volti zake kwa urahisi. Lakini DC haikufa. Mitambo ya simu imeitumia miaka yote kwa volti 48, na laini ya kutoka Ethiopia hadi Suswa, Kenya, husafirisha DC ya kilovolti 500 kwa zaidi ya kilomita 1,000.

"Seva hutumia AC, kwani si zinachomekwa ukutani?"
Uongo. Chipu hula DC tu. Kwa kawaida umeme wa gridi hugeuzwa DC ndani ya UPS (mtambo wa umeme wa akiba), ukarudishwa AC, kisha pawasaplai ya seva ikaugeuza DC tena. Kila mgeuzo hupoteza kidogo na kuzaa joto, na joto hilo hupozwa kwa umeme mwingine.

"DC huokoa zaidi ya robo ya umeme."
Inategemea unailinganisha na nini. Maabara ya Lawrence Berkeley, Marekani, ilipata nafuu ya asilimia 28 dhidi ya mitambo ya AC ya kawaida ya wakati huo. Dhidi ya AC bora, nafuu ilishuka hadi asilimia 7 hivi. Muuzaji atakutajia namba ipi, unajua mwenyewe.

"Basi hakuna haja ya kuhangaika nayo."
Hapana, haja ipo, nayo ni shaba. Kabati la seva la megawati 1 likilishwa kwa volti 54 linahitaji ampea 18,500 hivi. Kampuni ya chipu ya Nvidia imekadiria hadi kilo 200 za shaba kwa kabati moja la namna hiyo. Kwa volti 800, mpango iliotangaza mwaka 2025, ampea hushuka hadi 1,250. Kwa hiyo kinachookoa shaba hapa hasa ni volti kupanda. DC inapunguza migeuzo ya njiani.

"DC ni salama kuliko AC."
Uongo, na huu ni wa hatari. AC ya hezi 50 hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, hivyo cheche ya swichi hupata nafasi ya kuzimika. DC haina sifuri hiyo. Cheche huweza kuendelea kuwaka hadi iyeyushe swichi. Hata wewe fundi wa sola, kama breka haijaandikwa DC na volti zake, usiifunge.