Malenga wa Visiwa vya Uskoti (2): Mary Mkubwa wa Nyimbo

Katika toleo lililopita tuliwaona wanawake wa visiwa vya magharibi mwa Uskoti wakiizunguka meza, wakitwanga kitambaa cha sufu kwa mikono, mmoja akianzisha wimbo na wengine wakiitikia. Leo tumtazame malenga aliyelelewa na nyimbo hizo: Màiri Mhòr nan Òran, yaani Mary Mkubwa wa Nyimbo.

Alizaliwa Skeabost, katika kisiwa cha Skye, mwaka 1821. Aliolewa na fundi viatu mjini Inverness, naye mume akafariki mwaka 1871. Mwaka uliofuata mjane huyo alishtakiwa kwamba ameiba nguo za bibi aliyekuwa akimuuguza. Mahakama ilizungumza Kiingereza. Lugha yake yeye ilikuwa Kigaeli. Akafungwa. Maisha yake yote alishikilia kwamba amesingiziwa, na mwenyewe alisema kuwa ni mateso hayo yaliyoamsha utunzi wake.

Hapo ndipo penye fundisho. Angeweza kuishia kujililia, lakini katika fedheha yake aliitambua dhuluma iliyowapata watu wake. Kwa miongo mingi makabaila walikuwa wakiwafukuza wakulima wadogo wa Kigaeli ili kupisha kondoo. Mary alitoka gerezani, akasomea uuguzi na ukunga Glasgow, kisha mwaka 1882 akarudi Skye. Mwaka huohuo wakulima wa Braes walikataa kulipa kodi mpaka warudishiwe malisho yao ya mlima Ben Lee. Polisi wapatao 50 waliletwa kutoka Glasgow, wakapokewa kwa mawe, wanawake wakiwa mstari wa mbele. Mary aliwatungia wanawake hao nyimbo za kuwasifu, akaziimba katika mikutano ya kudai ardhi. Mwaka 1886 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyowalinda wakulima hao wasifukuzwe ovyo, wakapata na haki ya kurithisha mashamba.

Nyimbo zake zilienea upesi kwa sababu alizitunga kwa mahadhi ambayo watu walikwisha kuyajua. Aliyesikia leo kwenye mkutano aliweza kuimba kesho akichimba viazi. Wala hakuhitaji karatasi, maana hakujua kuandika kwa Kigaeli. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1891 kiliandikwa na John Whyte, aliyeketi akimsikiliza Mary akighani maelfu ya mistari kutoka kichwani. Kumwita mtu kama huyo mjinga kwa kuwa hakushika kalamu ni kutojua elimu ni nini. Kifua chake kilikuwa maktaba, na kwa bahati njema kilisomwa kabla hajafariki Portree mwaka 1898.

Katika toleo lijalo tutaona jinsi nyimbo za Kigaeli zilivyoingia kwenye gitaa na ngoma za kisasa, kupitia vijana wa Skye walioanzisha bendi ya Runrig mwaka 1973.