Kliniki mpya, foleni ile ile

(MUZIKI WA KIPINDI, KISHA UNASHUKA)

MTANGAZAJI 1: Fedha za afya zinatangazwa, mbona foleni haipungui? Swali hilo haliulizwi kambini peke yake.

MTANGAZAJI 2: Kweli, kaka. Tutazame Uingereza. Hospitali za umma huko huwahudumia bure watu wanaojihisi kuwa wa jinsia tofauti na ile waliyoandikiwa walipozaliwa. Hupewa ushauri nasaha, na wengine dawa za homoni.

MTANGAZAJI 1: Na wanasubiri muda gani, dada?

MTANGAZAJI 2: Mwenye rufaa kwa daktari bingwa anatakiwa kuanza matibabu ndani ya wiki 18. Katika kliniki hizi, wengi husubiri miaka.

MTANGAZAJI 1: Si waongeze kliniki?

MTANGAZAJI 2: Wameongeza. Kuanzia mwaka 2020 zilifunguliwa mpya London na Manchester, zikitumia pia madaktari wa kawaida waliopewa mafunzo. Lakini wataalamu ni wachache. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili huko husoma na kufunzwa kazini kwa zaidi ya miaka 10. Kliniki mpya ikimchukua kutoka ya zamani, pengo limehama tu.

MTANGAZAJI 1: Na upande wa watoto?

MTANGAZAJI 2: Julai 2022 ilitangazwa kwamba kliniki ya watoto na vijana ya Tavistock ingefungwa mwaka uliofuata, na vituo vingine vichukue kazi yake. Ilifungwa Machi 2024. Sababu moja ya kuchelewa ni ugumu wa kupata na kufunza wahudumu. Familia ziliendelea kungoja.

MTANGAZAJI 1: Fedha nazo?

MTANGAZAJI 2: Fedha za mradi wa majaribio zina mwisho. Mhudumu mwenye mkataba mfupi hutafuta kazi ya kudumu kwingine, na ujuzi wake huondoka naye.

MTANGAZAJI 1: Hapo panatugusa, msikilizaji. Ukisikia kwenye mkutano kwamba huduma mpya inakuja, iwe ya afya ya akili au ya uzazi, uliza: Nani atafanya kazi humo? Nani atamfunza? Mshahara wake umetengwa kwa miaka mingapi?

MTANGAZAJI 2: Na anayesubiri aambiwe ukweli: atangoje hadi lini, na hali ikizidi kabla ya zamu yake, aende wapi.

(MUZIKI UNAPANDA)